Fizikia ya D: ushauri ambao mabinti wa Mwanza hupewa wakiwa wamechelewa

Kila mwaka, kati ya Septemba na Oktoba, shule za sekondari za Mwanza hufanya mahafali ya kidato cha nne. Turubai linafungwa, kwaya inaimba, kisha mgeni rasmi anasimama. Siku hizi, hasa kwenye shule za wasichana, mgeni huyo mara nyingi ni mwanamke mwenye taaluma yake: daktari, wakili, meneja wa benki. Anawaasa mabinti wajiamini, wasome kwa bidii, wasidanganywe na vijana wa bodaboda, na kwamba hata yeye alitokea huku huku. Maneno ni mema na anayeyasema ana nia njema. Kinachoharibu ni tarehe. Mtihani ni Novemba, na binti anayemsikiliza alishafungiwa baadhi ya milango karibu miaka miwili nyuma, siku alipoingia kidato cha tatu akaulizwa kama anaendelea na fizikia na kemia au anaziacha.

Siku ile hakukuwa na mgeni rasmi. Palikuwa na mwalimu mwenye orodha, rafiki wa dawati moja aliyekwisha kuamua, na kauli inayopita shule baada ya shule: "Sayansi itakuharibia daraja."

Kauli hiyo haina ukweli, na inafaa kuichambua kwa hesabu, maana mabinti wengi wanafuata njia ya maisha yao kwa kuiamini. Daraja la kidato cha nne linapatikana kwa kujumlisha masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne. Katika mtaala ambao wengi wameupitia hadi sasa, masomo ya lazima ni saba: uraia, historia, jiografia, Kiswahili, Kiingereza, baiolojia na hisabati. Anayeongeza fizikia na kemia anafanya tisa, na mawili mabaya kuliko yote yanaachwa nje ya hesabu.

Tuchukue binti wa kawaida kabisa. Kiswahili B, uraia C, historia C, baiolojia C, jiografia D, Kiingereza D, hisabati F. Kwa masomo hayo saba ana pointi 24. Sasa mwongezee fizikia D na kemia D. Ile F ya hisabati inatoka kwenye hesabu, D moja inachukua nafasi yake, na pointi zinashuka hadi 23. Hata angepata F kwenye fizikia na kemia zote mbili angebaki na 24 zake zile zile. Somo la nane na la tisa haliwezi kuongeza pointi hata moja. Kinachoweza kumwumiza ni muda anaoyanyima masomo mengine, na huo ni mjadala halali, lakini ni mjadala tofauti na ule wa "kuharibiwa daraja".

Sasa tazama D hiyo inafungua nini. D inaanzia alama 30 kati ya 100. Stashahada ya utabibu, ile inayomtoa mtu kuwa tabibu wa kituo cha afya au zahanati, inataka ufaulu wa masomo manne, yakiwamo kemia, baiolojia na fizikia. Ufaulu maana yake D. Binti mwenye daraja la nne lakini ana D tatu hizo na ufaulu wa somo jingine moja anaweza kuomba, na mwenye daraja la pili la masomo ya sanaa tupu hawezi. Habari hii ndogo inastahili kubandikwa kwenye mlango wa kila darasa la kidato cha pili kuanzia Kwimba hadi Ukara.

Na safari haiishii kwenye utabibu. Tabibu mwenye stashahada yenye wastani wa B, au GPA isiyopungua 3.0, anaweza kuomba udaktari chuo kikuu bila kupita kidato cha sita, ila ataulizwa cheti chake cha kidato cha nne: awe na angalau D ya hisabati, kemia, baiolojia, fizikia na Kiingereza. Hapo ndipo wengi hukwama. Mtu amefanya kazi miaka, ana uzoefu na ana GPA nzuri, lakini ana F ya hisabati ya enzi zile. Dawa yake ipo: kurudia somo hilo moja kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ni nafuu kurudia mwaka unaofuata, wakati bado kuna kumbukumbu ya darasani, kuliko kungoja hadi watoto wawili wako nyumbani na zamu za usiku zimekolea.

Wanaomwambia binti aache sayansi si maadui zake. Shule nyingi za kata zina mwalimu mmoja wa fizikia kwa mikondo minne, na maabara isiyo na vifaa vya kutosha. Matokeo ya kila shule hutoka yakiwa na wastani wa kila somo, na mkuu wa shule anaulizwa kuhusu wastani huo. Kumwondoa mwanafunzi dhaifu kwenye somo kunapandisha wastani wa somo. Binti anabeba gharama ya takwimu hiyo bila kujua kwamba ipo.

Mwanamke mhandisi au mtaalamu wa maabara akialikwa shuleni, basi, asiishie kusema kwamba sayansi inawezekana. Aonyeshe alama 30 zinatoka wapi. Mada za kidato cha kwanza na cha pili, yaani vipimo, nguvu, msongamano, shinikizo, mashine rahisi, mwanga na umeme, zinarudi kwenye mtihani wa mwisho. Karatasi ya vitendo nayo ina majaribio yanayojirudia mwaka hadi mwaka kwa sura tofauti: pendulamu, springi na mawe ya uzani, rula inayosawazishwa juu ya ncha, kioo cha mstatili na pini, saketi yenye ammita na voltimita. Kila moja linaishia kwenye jedwali, grafu na mteremko wa grafu. Kwenye grafu pekee kuna alama za kichwa cha habari, za majina ya mihimili pamoja na vipimo vyake, za skeli nzuri, za nukta zilizowekwa sawa, za mstari bora na za kukokotoa mteremko. Mabinti wanapoteza alama hizi kwa sababu moja ambayo kila mwalimu wa maabara anaijua: wakigawanywa vikundi vya watu kumi, wavulana hushika kifaa na wasichana huandika majibu. Siku ya mtihani kila mtu anashika chake. Mgeni akiomba saa moja ya maabara na vikundi vya wasichana watupu, kila mmoja afunge pendulamu yake mwenyewe na kuhesabu mizunguko 20, atakuwa amefanya kazi kubwa kuliko hotuba kumi.

Kuna milango mingine ambayo inafungwa hatua inayofuata, kwenye kuchagua tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano na sita. Fomu ya machaguo, selfomu kama wanavyoiita, hujazwa kabla ya mtihani, na matokeo yakitoka hufunguliwa dirisha la kubadilisha kwenye mfumo wa TAMISEMI. Makosa yanayojirudia ni haya. Binti anayetaka udaktari anachagua CBG (kemia, baiolojia na jiografia) kwa kuikimbia fizikia, wakati udaktari unadai fizikia, kemia na baiolojia, kila moja isipungue D ya kidato cha sita, jumla pointi 6. Anayetaka uhandisi wa ujenzi anachagua PCB (fizikia, kemia na baiolojia) kwa sababu "ni sayansi pia", na uhandisi unataka hisabati ya juu pamoja na fizikia. Wengine wanakosa dirisha kabisa: nenosiri liko kwa mwenye steshenari mjini, binti yuko kisiwani akisaidia kuanika dagaa, na hakuna aliyemwambia. Nenosiri liandikwe kwenye daftari la nyumbani, siku hiyo hiyo.

Tukirudi kwa wageni wenyewe, orodha yao ni fupi mno. Daktari, wakili, benki, wakati mwingine mwandishi wa habari. Mji huu una kazi nyingine ambazo binti hajawahi kumwona mwanamke akizifanya, ingawa wanawake wanazifanya umbali wa nauli moja ya daladala kutoka darasani kwake. Nyegezi ipo maabara ya taifa ya ubora wa samaki. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu, viwanda vya minofu ya sangara viliona kwa hasara kwamba bila vipimo vinavyoaminika hakuna soko. Tangu hapo mtu wa udhibiti ubora amekuwa na kauli kiwandani. Anapima joto la minofu, ambayo ikiwa mibichi inatakiwa iwe karibu na nyuzi 0, isipite 4, na ikigandishwa ifike nyuzi 18 chini ya sifuri. Anachukua sampuli za meza, visu na mikono ya wafanyakazi kuotesha bakteria, na ana mamlaka ya kusimamisha mzigo. Ni kazi ya buti, koti zito na baridi ya kutwa nzima, na aambiwe hivyo. Njia yake ni fupi: wakala wa mafunzo ya uvuvi, FETA, una kampasi Nyegezi hapo hapo na unafundisha uchakataji na ubora wa samaki kuanzia cheti. Baiolojia na kemia ndizo zinazombeba mtu huko.

Au fikiria MV Mwanza, meli ya urefu wa mita 92 iliyojengwa bandari ya Mwanza Kusini kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo. Fikiria daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji, lililofunguliwa Juni 2025. Vitu hivi vinataka mafundi mitambo, wapima ardhi, mafundi umeme, wakaguzi wa vyuma na zege, kwa miaka mingi ijayo. Chuo cha ufundi cha VETA, Nyakato, kinafundisha baadhi ya stadi hizo. Binti anayejua kuchomelea vizuri na ana cheti cha kuthibitisha hilo ana ajira kuliko wengi wenye shahada zisizo na ujuzi wa mkono. Mtaala mpya ulioanza 2024 na mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, umeleta uchaguzi huu karibu zaidi na utoto: mkondo unaamuliwa mwanzoni mwa sekondari. Ushauri nao lazima usogee nyuma, hadi darasani kwenye shule ya msingi.

Mtaalamu akieleza kazi yake, kitu cha thamani kuliko vyote ni ngazi yenyewe, pamoja na ngazi iliyooza ambapo watu huanguka. Kwa mhandisi, shahada haimfanyi mtu kuwa mhandisi mtaalamu. Anasajiliwa kwanza na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu, kisha anafanya mafunzo ya vitendo chini ya msimamizi. Kwenye mpango wa bodi uitwao SEAP ni miaka 3, akijaza daftari la kazi na kusainiwa. Wanaoanguka ni wale wanaoingia saiti moja kwa moja bila usajili, wanafanya kazi miaka minne, na siku ya kuomba hawana hata ukurasa mmoja uliosainiwa. Kwa uhasibu, mwenye shahada ya uhasibu haanzi chini kwenye mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, na mitihani hiyo huwa Mei na Novemba. Anayeahirisha "hadi nitulie kazini" hugundua kwamba baada ya miaka mitano kichwa kimezoea ripoti za ofisi na hakijui tena kukaa na kitabu. Kwa sheria, baada ya shahada kuna mwaka wa Shule ya Sheria kwa Vitendo, Dar es Salaam, na gharama za kuishi huko ndizo zinazowasimamisha wengi kuliko masomo yenyewe. Familia ianze kuziwekea akiba tangu mwaka wa pili wa chuo.

Sehemu inayofuata inaweza kuonekana ndogo, lakini ndiyo inayowaliza watu kwenye vibanda vya intaneti kila mwaka: majina. Ukanda huu una utajiri wa majina na umaskini wa kuyaandika sawasawa. Mtoto ana jina la bibi analoitwa nyumbani, la ubatizo kanisani, na la ukoo ambalo karani mmoja aliandika kwa L na mwingine kwa R: Masalu kwenye cheti cha kuzaliwa, Masaru shuleni. Majina yenye ng'w ndiyo yanayoteseka zaidi. Jina lililosajiliwa shule ya msingi ndilo linalomfuata hadi cheti cha kidato cha nne. Siku ya kuomba mkopo wa elimu ya juu, cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na jina lisilolingana linasimamisha ombi wakati dirisha linahesabu siku. Kurekebisha kwa kiapo na hati ya jina kupitia kwa wakili kunawezekana, ila kunataka fedha na wiki ambazo hana. Mgeni aombe jambo moja: kila binti wa kidato cha pili alete nakala ya cheti chake cha kuzaliwa, zilinganishwe na orodha ya shule herufi kwa herufi. Asiye na cheti aanze kukitafuta wiki hiyo. Aliyefiwa na mzazi atafute pia cheti cha kifo, maana ndicho kinachothibitisha uhitaji wake kwenye ombi la mkopo.

Kuhusu fedha, mabinti wanasikia jina la kazi na hawasikii mshahara unaofika mkononi. Wataalamu wetu wana aibu hapa na aibu hiyo haimsaidii mtu. Si lazima mtu ataje mshahara wake, asilimia zinatosha. Kwa mtumishi wa umma, mfuko wa pensheni wa PSSSF unachukua asilimia 5 ya mshahara, bima ya afya 3, na aliyesoma kwa mkopo anakatwa 15. Jumla ni 23. Yaani kwa kila 100,000, shilingi 23,000 zimeondoka kabla kodi haijaguswa. Binti anayejua hili hashawishiki kukopa kwenye simu mwezi wa kwanza wa kazi ili aonekane ameajiriwa, na mzazi anayejua hili hatarajii nyumba ya bati ndani ya mwaka.

Kuna maswali mawili ambayo mabinti hawaulizi mbele ya walimu wa kiume, na ambayo mwanamke mtaalamu ndiye mwenye uwezo wa kuyajibu. La kwanza ni rushwa ya ngono, inayoanzia fildi, pale mwanafunzi wa chuo anapotafuta nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Ushauri wa "ujiheshimu" unamwekea mzigo asiyestahili. Aambiwe kwamba Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inakitaja kitendo hicho kuwa kosa la jinai. Akiitwa mahojiano nje ya ofisi au baada ya saa za kazi, aombe yahamishiwe ofisini kwa ujumbe wa maandishi. Asifute meseji hata moja kwa hasira au kwa soni. Simu ya bure ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni 113.

La pili ni uzazi. Mabinti wengi wanadhani kazi nzito na mtoto haviendi pamoja, na hakuna anayewapa sheria inasema nini. Inasema likizo ya uzazi yenye malipo ni siku 84, au 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja, na mama anayenyonyesha ana haki ya hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto. Mwajiri anatakiwa kuarifiwa miezi mitatu kabla, na taarifa itolewe kwa maandishi, maana ya mdomo husahaulika. Kwa binti aliyepata ujauzito akiwa shuleni, tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu arudi kwenye mfumo rasmi, na waraka wa elimu Na. 2 wa mwaka huo unaeleza utaratibu. Bado kuna familia, vijijini hasa, zinazoamini kwamba amefukuzwa moja kwa moja. Mgeni alitamke jambo hili kwa sauti kwenye kikao cha wazazi. Akinong'ona litaishia kwa walimu.

Kikao cha wazazi ndipo mahali pake hasa, kwa sababu binti wa miaka 15 haamui peke yake. Baba anayeuza ng'ombe mnadani ili alipe ada ya chuo anataka kujua chuo gani, miaka mingapi, na kijana wake wa kike atafanya nini akimaliza. Anastahili jibu lenye namba.

Ratiba ingeweza kuwa hivi. Ziara ya kwanza Julai au Agosti kwa kidato cha pili, wakati bado kuna wiki za kujiandaa na mtihani wa taifa. Ya pili wiki ya pili ya Januari, matokeo yakishatoka na kabla orodha ya masomo ya kidato cha tatu haijafungwa. Hii ndiyo ya lazima kuliko zote, hata zile nyingine zikikosekana. Ya tatu ni pale dirisha la kubadilisha tahasusi linapofunguliwa, na hii inaweza kufanyika kwa simu kupitia mwalimu wa taaluma. Kwa Ukerewe, safari ya meli hadi Nansio ni saa tatu au zaidi, kwa hiyo waende wataalamu wanne kwa pamoja, walale, wazunguke shule tatu.

Na kila mmoja aache kitu kimoja shuleni: nakala ya matokeo yake mwenyewe ya kidato cha nne, yenye C zake na ile D ya hisabati, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo karibu na ofisi ya mwalimu wa taaluma, mabinti wapite wakiisoma.